Zamu ya Kumwogesha Katekista

Kiwalani,
19 Februari 2024

Kwa Mwenyekiti,
Jumuiya ya Mtakatifu Isidori.

Yah: KUJIUZULU NAFASI YA MHUDUMU WA WAGONJWA

Tumsifu Yesu Kristo.

Mama Brightson, shikamoo. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilikutumia meseji saba hukujibu hata moja. Ya nane ukanijibu kwamba kiongozi wa jumuiya hajiuzulu kwa simu, anajiuzulu kwa maandishi, katiba ndivyo inavyosema. Haya, maandishi hayo hapo.

Kwanza nakumbusha kwamba sikugombea. Siku ya uchaguzi nilikuwa nimekwenda Buguruni kununua msasa na gundi ya mbao, nikarudi nikakuta nimeshakuwa kiongozi. Desturi yetu naijua: asiyekuwepo ndiye anayepewa kazi ambayo waliokuwepo hawaitaki. Mke wangu Adelina ndiye aliyenyoosha mkono kunipendekeza, na mpaka leo anacheka. Nilinyamaza kwa sababu nilidhani mhudumu wa wagonjwa ni mtu wa kupeleka machungwa na kusali Baba Yetu.

Kumbe mgonjwa mwenyewe ni mmoja, naye ni mzee Polikarpo. Tangu kiharusi kimpige upande wa kulia hana wa kumtazama. Mkewe alikwishafariki na hawakujaliwa mtoto. Kwa hiyo Jumanne na Ijumaa namwogesha, namfulia mashuka, namfunga kidonda cha mguu. Wiki ya sita hii. Nikimmwagia maji anasema, "We Kasiani, maji haya umeyatoa kwenye friji?" Nikiyapasha moto anasema, "Unataka kuninyonyoa kama kuku?" Halafu akiwa uchi mbele yangu, povu mpaka masikioni, ananiuliza amri za Kanisa ni ngapi na nizitaje kwa mpangilio.

Hayo yote ningeyavumilia. Lakini wewe unajua, na mtaa mzima unajua, kwamba huyu ndiye katekista aliyekataa kumzika mama yangu. Mwaka 2015 mama Leokadia amelala ndani ya jeneza nililomtengenezea kwa mikono yangu, watu wamejaa uani, akasimama huyu mzee akasema marehemu hakuwa anasali jumuiya, Kanisa halimziki. Akaondoka na kitabu chake kwapani. Tukaenda kumfukia wenyewe bila sala ya Kanisa hata moja, kama tunapanda muhogo. Mikono iliyolifukia kaburi lile ndiyo inayomsugua mgongo leo. Naona hilo ni kunidhihaki.

Naomba nafasi hii apewe mwingine kuanzia Ijumaa.

Wako katika Kristo,
Kasiani Nanjota


Gongo la Mboto,
23 Februari 2024

Yah: BARUA YAKO YA TAREHE 19 FEBRUARI

Milele amina. Marahaba, Baba Herieth.

Barua yako imepokelewa. Haijakubaliwa.

Nilimkuta Adelina hapa sokoni kwenye meza yake ya mchicha, akanipa bahasha akasema, "Mie nabeba bahasha tu mama, ya ndani siyajui." Alikuwa anayajua yote, maana alikuwa ameuma mdomo asicheke.

Kuhusu kupewa kazi usiyoiomba, usinifundishe. Nimehamia huku mwaka wa pili sasa, na bado mimi ni mwenyekiti wenu wa Kiwalani, kwa sababu kila nikiitisha uchaguzi watu wote mnapata misiba. Kila Jumamosi nakuja. Nimelalamika?

Tumo ndani ya Kwaresima, Baba Herieth. Bwana wetu alijifunga kitambaa kiunoni akaosha miguu ya wote kumi na wawili, na Yuda alikuwemo, na hakurukwa. Kumhudumia unayempenda hakuna jasho, hata wapagani wanafanya. Huduma inaanza pale moyo unapokataa. Mungu amekupa nafasi ya dhahabu ya kujishusha, na wewe unaniandikia habari ya maji ya friji.

Mambo ya mwaka 2015 tumwachie Mungu. Kuyafukua hakumsaidii marehemu.

Nina habari njema. Parokia imeipa jumuiya yetu nafasi moja ya kuoshwa miguu na paroko siku ya Alhamisi Kuu. Nimeandika jina lako. Uje na miguu safi.

Katika utumishi,
Tusajigwe Mwakipesile
Mwenyekiti


Kiwalani,
16 Machi 2024

Mama Brightson, shikamoo.

Sijaandika kichwa cha habari. Kile cha mwezi uliopita kinatosha.

Umeandika jina langu bila kuniuliza, ndiyo mtindo wenu. Na hiyo habari ya kuja na miguu safi, uliifikiria wakati unaiandika? Kila mwaka nawaona. Mtu ameteuliwa kuoshwa miguu, basi anashinda nyumbani anaisugua kwa jiwe, anaipaka mafuta, anavaa soksi mpya. Padre anamwagia matone matatu, anapangusa, kwaya inaimba, picha zinapigwa. Sidhani kama padre amewahi kukutana na mguu mchafu madhabahuni tangu apewe upadre. Njoo mimi nikuonyeshe mguu. Wa kulia wa mzee Polikarpo una kidonda upana wa kifuniko cha soda, na kucha zake zimekuwa ngumu hadi nikazikata kwa koleo la karakana. Kwaya haipo. Inzi wapo.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata Adelina hajui. Jumanne sikwenda. Sikuwa naumwa wala sikubanwa na kazi. Nilikaa karakana nachonga mlango wa mteja, patasi inakwenda vizuri kabisa, na moyoni nasema mwache naye aone. Ijumaa nikaenda. Nilimkuta kwenye mkojo, shuka ni lilelile nililomtandikia wiki nzima nyuma. Mwanaheri, jirani yake wa ukuta mmoja, alikuwa anampa uji asubuhi na jioni, na Ramadhani imeanza Jumanne hiyohiyo. Yeye mwenyewe amefunga, uji anaoukoroga hauonji. Akaniambia, "Baba Herieth, kumgeuza namgeuza, kumlisha namlisha, ila kumvua nguo mwanamume mie si mahali pangu. Nikajua tu mtakuja nyie wa jumuiya." Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mzee naye hakuuliza nilikuwa wapi. Alisema tu kwamba leo maji yana moto mzuri.

Niliona aibu, Mama Brightson, na kwangu aibu haikai muda mrefu, inageuka hasira. Nikamkasirikia kila mtu. Mwanaheri hana katiba, hana mwenyekiti, hakupigiwa kura na mtu, na anahudumu. Sisi tuna mhuri, tuna kamati, tuna daftari la mahudhurio, na mzee wetu analala kwenye mkojo. Na wa kwanza kumkasirikia ni wewe. Kila Jumamosi unatoka Gongo la Mboto unakuja kutuongoza sala. Nyumba ya mzee ni hatua thelathini kutoka tunaposali. Wiki tisa hizi hujawahi kupita hata kumsalimia dirishani. Kwa nini?

Najiuzulu.

Kasiani Nanjota


Gongo la Mboto,
20 Machi 2024

Marahaba, Baba Herieth.

Barua yako imepokelewa. Haijakubaliwa.

Jumanne uliyoikosa umeikiri, basi usirudie, na uende kuungama kabla ya Pasaka foleni haijawa ndefu. Mwanaheri Mungu ambariki. Nitamtafutia kanga.

Kuhusu mimi kutofika kwa mzee: magoti yananisumbua, ngazi siziwezi. Lakini namwombea kila siku kwenye rozari, na sala nayo ni huduma. Kila mtu na karama yake. Wewe umepewa mikono, mwingine amepewa magoti ya kusali. Tusihesabiane hatua.

Alhamisi Kuu ni saa kumi jioni. Usichelewe, na mwambie Adelina akunyooshee shati jeupe.

Tusajigwe Mwakipesile
Mwenyekiti


Kiwalani,
30 Machi 2024

Mama Brightson, shikamoo.

Hayo magoti yasiyoweza ngazi ndiyo hayohayo uliyopewa ya kusalia rozari? Na nyumba ya mzee haina ngazi. Iko chini hata ya barabara, mvua hizi zikinyesha maji yanaingia bila kubisha hodi. Umekwenda pale miaka mingapi, unasahau vipi?

Ndiyo, Alhamisi Kuu sikuja. Nimesikia kiti changu kilibaki kitupu hadi Adelina akaenda kukikalia na sandali zake za sokoni, akaoshwa yeye. Anasema maji yalikuwa ya baridi. Nikamwambia sasa unamwelewa mzee.

Lakini siandiki kwa ajili hiyo. Jana Ijumaa Kuu ilikuwa zamu yangu, na nilimuuliza. Nilikuwa nimeinama namkausha katikati ya vidole vya miguu, maana usoni nisingeweza. Nikasema, "Mzee, mama yangu ulimkatalia nini?"

Akasema, na sauti yake unaijua tangu ugonjwa, inatoka upande mmoja: "Niliuliza kama alikuwa anasali. Nikajibiwa hajaonekana miaka miwili. Sikuuliza kwa nini hajaonekana. Kutoka kwangu kwenda kwenu ni hatua mia, na sikwenda kutazama. Wiki iliyofuata nikaambiwa kumbe alikuwa kitandani muda wote huo. Kosa ni langu, Kasiani. Kila siku unaponimwagia maji nasubiri uniulize."

Nikamuuliza ni nani aliyemjibu. Akasema, "Aliyenijibu hakusema uongo. Ni kweli hakuonekana." Nikasubiri jina. Akaniambia nimfunge kidonda, kinapata baridi.

Mama Brightson, sikulala vizuri. Miaka tisa namchukia mtu mmoja, kumbe wako wawili, na wa pili huenda nakaa naye benchi moja kanisani nampa amani. Miaka ile miwili mama alikuwa hawezi hata kujigeuza. Jumamosi tukisikia mnaimba nyumba ya jirani alikuwa ananiambia nimgeuze aelekee dirishani. Anaimba na nyie sauti ya pili, chinichini, hadi mnamaliza. Mimi sikuja jumuiya kwa sababu nilikuwa namgeuza. Halafu mtu mmoja anafungua kinywa anasema hajaonekana, basi, imekwisha.

Wewe ndiye uliyekuwa katibu miaka hiyo. Madaftari ya mahudhurio unayo wewe. Wewe unajua siku ile ni nani alikuwa amesimama karibu na katekista, nani alipewa swali hilo. Mimi nilikuwa ndani namfunika mama uso. Naomba uniangalizie. Ni hilo tu ninalokuomba, na sitakuomba tena jambo lingine.

Pasaka njema.

Kasiani


Gongo la Mboto,
3 Aprili 2024

Kwa Ndg. Kasiani Nanjota.

Yah: KUKUBALIWA KUJIUZULU

Tumsifu Yesu Kristo.

Nakujulisha kwamba ombi lako la kujiuzulu nafasi ya mhudumu wa wagonjwa limekubaliwa kuanzia tarehe ya barua hii. Jumuiya inakushukuru kwa utumishi wako.

Madaftari ya miaka hiyo sina hakika yalipo. Nadhani yaliliwa na mchwa wakati nahama.

T. Mwakipesile
Mwenyekiti
(mhuri)


Kiwalani,
6 Aprili 2024

Mama Brightson,

Nimeisoma barua yako mara nne. Adelina ameisoma mara mbili, na yeye ameacha kucheka.

Miezi miwili nimekuomba uniachie ukaninyima, umenipigia mahubiri ya Yuda na kitambaa kiunoni. Nimekuomba daftari mara moja tu, umeniachia hapohapo na mhuri juu. Mimi ni mchonga mbao, si mwanasheria, lakini najua ubao unapolia ndani una tundu.

Uhuru wako siutaki. Ijumaa nilikwenda kwa mzee kama kawaida, na Jumanne nitakwenda. Sina cheo sasa, kwa hiyo hakuna wa kunifukuza.

Nakupa taarifa moja kama mwenyekiti. Mzee Polikarpo ameniomba nimpeleke makaburini kwa mama, akamsomee ibada ya maziko aliyomnyima. Nilimwambia mzee, miaka tisa imepita, mama kishakuwa udongo. Akanijibu, "Na mimi karibu. Fanya haraka." Paroko ameshakubali. Ni Jumamosi tarehe 13 saa tatu asubuhi. Nitamkalisha kwenye guta langu la kubebea mbao, na Mwanaheri ametuazima godoro la kutandika.

Wewe ni mwenyekiti wake, uje. Na uje na madaftari. Mchwa hawali kwa kuchagua miaka.

Kasiani


Gongo la Mboto,
11 Aprili 2024

Kasiani mwanangu,

Nimeichana barua hii mara tatu. Jana ilikuwa Idd, watoto wa jirani wamekuja kuniletea pilau nikawafungulia mlango na machozi usoni, wakadhani nimefiwa.

Ni mimi.

Mwanaheri alikuja kuniambia, mwaka 2013 mwishoni. Alinikuta nafua. Akasema, "Mama Brightson, mwenzenu Leokadia hainuki, nyie hamna habari?" Nikamwambia tutakuja Jumamosi. Jumamosi ile palikuwa na harusi. Nikasema inayofuata. Inayofuata mvua. Baada ya mwezi nikaanza kuona haya kwenda, nitasema nini, nimekaa mwezi mzima wapi? Baada ya miezi sita haya ikawa kubwa kuliko mlango wenu. Nikawa napita njia ya nyuma, ile ya kisimani, ili nisikutane na wewe. Na kila Jumamosi nilikuwa nafungua daftari, nafika kwenye jina la mama yako, naandika hayupo. Niliandika kwa kalamu ya bluu, mwandiko mzuri. Ningeandika mgonjwa, jumuiya wangeuliza kwa nini hatujakwenda.

Siku ya msiba mzee aliniinamia pale uani akaniuliza chinichini, "Katibu, huyu mama alikuwa anasali?" Wengine hawakusikia. Nikasema, "Hajaonekana miaka miwili." Nilidhani ataniuliza tena. Nilikuwa nimeshajiandaa, Mungu ni shahidi yangu, angeniuliza mara ya pili ningesema. Hakuuliza. Akafunga kitabu. Mimi nikabaki nimesimama pale uani kwenu na leso mkononi.

Wiki iliyofuata Mwanaheri akamweleza yote. Mzee alikuja kwangu jioni. Nilijua anakuja kunivua ukatibu. Akakaa, akanywa chai, akasema, "Tusa, katibu anaandika, katekista anaamua. Nimeamua mimi. Waache wanitukane mimi. Ila wewe nenda kamwambie yule kijana, siku utakayoweza." Basi. Hakumwambia mtu mwingine mpaka leo. Watu waliacha kumsalimia, wewe ulimtemea mate chini karibu na miguu yake siku ya Pasaka, nilikuona, na yeye akapita. Mimi nikapanda kutoka katibu hadi mwenyekiti.

Sasa unajua kwa nini sipiti dirishani kwake. Kila akiniona ananiita, "Tusa, hujambo? Umeweza?" Nami najibu bado, naondoka. Tangu aanguke sijamsikia akiniuliza kwa sababu sijamkaribia nisikie. Wewe ulipochaguliwa kumhudumia niliogopa, halafu nikafurahi, kwa sababu bila wewe ingekuwa zamu yangu, mwenyekiti ndiye wa akiba, katiba inasema. Ndiyo maana nilikuwa sikukubalii, mpaka ulipoomba daftari nikaogopa zaidi. Yale yote niliyokuandikia kuhusu kujishusha ni kweli, lakini hayakuwa ya kwako.

Jumamosi sitakuja. Siwezi kusimama pale. Madaftari ninayo, yako chini ya kitanda ndani ya mfuko wa unga, hayajaguswa na mchwa hata kidogo.

Ninajiuzulu uenyekiti. Barua hii ndiyo maandishi.

Tusajigwe


Kiwalani,
20 Aprili 2024

Mama Brightson,

Jumamosi ile mvua ilinyesha. Guta lilikwama mara mbili, tukalisukuma mimi na Adelina, mzee juu yake na mwavuli wa Mwanaheri, anatuambia tunasukuma vibaya. Makaburini nilimshika kwa kwapa ili asimame, akakataa kusoma ameketi. Kitabu kililowa, akasoma mengine kwa kichwa. Ilichukua karibu saa nzima kwa ule ulimi wake, na hakuruka hata mstari. Alipofika penye jina akalitaja lote, Leokadia, na jina la babu ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau. Mwanaheri alisimama pembeni akasema amina zetu zote. Nililia kama mtoto, sikuficha.

Barua yako niliipata Ijumaa, siku moja kabla. Nilimsomea mzee. Nilitaka kujua kama ni kweli, na nilitaka akukasirikie pamoja na mimi. Hakukukasirikia. Akasema, "Kumbe ameweza," akaomba uji.

Mimi nimekasirika kwa niaba yake. Nimekasirika siku nane. Nimeharibu mlango wa mteja, patasi imepita ndani zaidi ya nilivyochora, itabidi nianze upya. Nawaza mama ameelekea dirishani anaimba sauti ya pili, na wewe hatua chache kutoka pale unamwandikia hayupo kwa mwandiko mzuri. Sijakusamehe. Nimejaribu Jumatano kanisani nikashindwa, nikajaribu Alhamisi. Nitajaribu tena, lakini usinisubiri na sahani ya pilau.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba najua jinsi ilivyokuwa. Ile Jumanne ya mwezi wa tatu niliyoikosa, Ijumaa yake nilifika hadi kona lilipo duka la Mwanaheri, kabla ya nyumba ya mzee, nikataka kurudi. Kwa aibu ya Jumanne tu. Ningerudi siku ile, ningekosa na Jumanne nyingine, na sasa hivi ningekuwa napita njia ya kisimani. Nilikuwa nimebakiza hatua kama ishirini hivi kuwa wewe. Afadhali ningekuwa sijui, ningekuchukia kwa raha.

Sasa mambo ya kazi.

Barua yako ya kujiuzulu imepokelewa. Haijakubaliwa. Nimeuliza jumuiya, wamesema hakuna mwingine anayetaka.

Jumanne ni zamu yako, Ijumaa yangu. Najua utasema si mahali pako kumvua mwanamume, basi kuvua na kuvisha nitakuja kufanya mimi, na wewe utaosha miguu na mikono, utafua, utafunga kidonda. Jumanne ya kwanza nitakaa hadi mwisho nikuonyeshe. Mlango ni uleule, hauna ngazi.

Uje na madaftari ya 2013 mwishoni, na 2014, na 2015, na kalamu yako ya bluu. Mzee atakapokuwa anakauka miguu juani, tutakaa pale kizingitini. Mimi nitasoma tarehe, wewe kila Jumamosi uliyoandika hayupo utaandika mbele yake mgonjwa, hatukwenda. Zote. Hatutaruka hata zile za mvua. Hazitaisha siku moja, kwa hiyo utakuja na Jumanne nyingine.

Maji yawe ya uvuguvugu, yajaribu kwa kiwiko. Mguu wenye kidonda ni wa kulia, anza na huo, maana wa kushoto hauna shida na utakupa uvivu. Atakutukana, mwache atukane. Akikuuliza amri za Kanisa, zitaje kwa mpangilio.

Shikamoo yako nitakupa ukishaingia ndani.

Kasiani Nanjota